Andika Vitenzi, Usiandike Vyeo

Mhadhara kuhusu kubadili kazi baada ya miaka mingi kwa mwajiri mmoja, uliotolewa Tanga mbele ya wafanyakazi waliokaribia kustaafu na familia zao



Kila mmoja wenu amekuta karatasi tupu na kalamu juu ya kiti chake. Kwa sasa vishikeni tu. Tutavihitaji mwishoni.

Nimeombwa nizungumzie kubadili kazi wakati umri umekwisha kwenda, kwa mtu ambaye karibu maisha yake yote ya kazi ameyatumia kwa mwajiri mmoja. Mimi si mwanasheria, wala si mtaalamu wa uchumi. Nilikuwa mtunza ghala. Nililitumikia shirika moja kwa miaka 24, nikaacha nikiwa na umri wa miaka 51, nikaanza upya mahali pengine. Nitakayoyasema mengi yametoka huko, na machache nimeyapata kwa kusoma sheria ambayo ilinipasa kuisoma mapema zaidi.

Nianze na chumba cha usaili.

Kilikuwa chumba kidogo chenye feni iliyokuwa ikigongagonga. Mbele yangu walikaa watu watatu, na faili langu lilikuwa katikati ya meza. Vyeti vyangu nilikuwa nimevitia kwenye bahasha ya kaki, na bahasha nimeikumbatia kifuani. Mama mmoja wa makamo, ambaye ndiye aliyeongoza usaili, akaniambia, "Karibu, mzee wetu. Hebu tueleze, unajua kufanya nini?"

Nikalitaja shirika langu. Nikasema nimelitumikia miaka 24, niliingia nikiwa msaidizi wa ghala, nikapandishwa hadi kuwa mtunza ghala mkuu.

"Hayo tumeyasoma kwenye barua yako, mzee. Tunataka utuambie unajua kufanya nini."

Nikakitaja tena cheo changu. Nikaongeza jina la idara. Yule mama akanitazama, akaandika neno moja kwenye karatasi yake, akamgeukia mwenzake. Kazi ile sikuipata, na sikuonewa. Nilitoka pale nikapita Ngamiani kwa miguu, barabara baada ya barabara, nikijiuliza swali lile lile aliloniuliza. Mtu aliyeamka alfajiri miaka 24 kwenda kazini alikuwa ameulizwa anafanya nini huko, akakosa la kusema.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo langu la leo. Wengi wetu tukifika umri huu hofu yetu ni mvi, au kompyuta, au vijana wenye shahada. Mimi nasema hofu hizo zina dawa. Lililo gumu zaidi ni kwamba tumeitika kwa jina la mwajiri muda mrefu mno, hata ujuzi wetu wenyewe tumeusahau jina.

Hebu tuyatazame majina ambayo mfanyakazi amepewa katika lugha yetu. Jina kibarua limetokana na barua, kile kikaratasi cha kuonyesha kwamba mtu leo amefanya kazi na anastahili malipo. Kwenye mashamba ya mkonge ya mkoa wetu huu, babu zetu walifanya kazi kwa kipande. Ilikuwa kadi, na kila kazi ya siku ikikamilika inatiwa alama. Kazi 30 zikitimia, ndipo mtu analipwa. Wale walioletwa kwa mikataba kutoka Njombe, Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba. Kisha likaja neno la heshima zaidi, mwajiriwa. Lakini sikilizeni vizuri: mwajiriwa ni mtu aliyetendwa. Kuna aliyemwajiri, yeye ameajiriwa tu. Karatasi, kadi, namba, na mtu aliyetendwa. Katika majina yote hayo, hakuna hata moja linalosema yule mtu anajua nini.

Jina linalosema lipo, nalo ni fundi. Fundi ni ndugu wa mafunzo na mwanafunzi, maneno ya mzizi mmoja. Fundi cherehani akihama Makorora akaenda Mombasa, atabaki fundi cherehani. Hakuna anayemuuliza alikuwa chini ya nani. Anapewa kitambaa, anapima, anakata, na mtu anaona. Mimi na wewe tuliofanya kazi za ofisi, za ghala, za kiwanda, za hospitali na za shule, tuna ufundi pia, ila haujapata kupewa kitambaa mbele ya watu.

Mzee Shaaban Robert alikuwa mtu wa hapa hapa Tanga. Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, miaka 18, na baadaye akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Lakini nani leo humkumbuka kwa ukarani? Ajira ilikuwa ya serikali, nayo serikali ile imekwenda zake. Ufundi wa lugha ulikuwa wake mwenyewe, na hakuukabidhi pamoja na funguo za ofisi.

Sasa tulifikaje hapa, hata tukachanganya vitu viwili hivi?

Hatukufika kwa uvivu. Kizazi chetu na cha wazazi wetu kililelewa na mwajiri. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashirika ya umma yalikua, na shirika halikuwa mahali pa mshahara peke yake. Lilikupa nyumba ya kota. Lilikuwa na zahanati, wakati mwingine na shule, na ukumbi wa kufanyia harusi. Lilikuwa na timu ya mpira: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Bandari ya Mtwara. Ulipomwuliza mtoto wa kota baba yake ni nani, alikujibu, "Baba ni mtu wa Reli." Katika hali hiyo, kuacha kazi kulikuwa sawa na kuhama nyumba, kuacha daktari na kuikana timu, vyote kwa barua moja. Nani angethubutu?

Lakini mwajiri naye hufa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na watu wa reli, bandari, posta na ndege waliokuwa watumishi wake wakajikuta hawana mwajiri yule tena. Madai ya mafao yao yaliendelea kwa miongo kadhaa, na wengi wamezikwa kabla ya kuyaona yakimalizika. Katika miaka ya 1990 kukaja Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Shirika la Posta na Simu likagawanywa. Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa mwaka 1997. Na sisi wa Tanga tulikwisha kupata somo letu kwa mkonge. Zao lililoanza mwaka 1893 kwa miche 62 ya Richard Hindorf lilifika kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960. Kisha kamba za nailoni zikatawala soko, na mashamba yakageuka vichaka. Kama mwajiri mkubwa kiasi hicho alianguka, wa kwetu tunamtegemea kwa dhamana gani?

Naingia sasa kwenye sheria, na hapa naomba tuwe makini, kwa sababu nimeona watu wakilia kwa kutojua.

Wengi tunaamini kwamba miaka yetu inahifadhiwa na mwajiri kama mahindi ghalani, na siku ya kuondoka tutafunguliwa mlango tuyachukue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema hivi kuhusu kiinua mgongo cha kuachishwa kazi: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Piga hesabu. Aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70. Aliyefanya miaka 24 anapata siku 70. Miaka 14 ya juu haipo katika hesabu hiyo. Mkataba wenu au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kutoa zaidi, na heri yenu kama yanatoa. Kiwango cha chini cha sheria ndicho hicho. Tena ni cha mtu aliyeachishwa na mwajiri. Ukiandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, usikisubiri.

Pensheni ni habari nyingine, nayo inatia moyo. Michango yako iko kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, haiko kwa mwajiri. Ukiwa umetimiza miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, umepata sifa ya pensheni. Unaweza kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55, na kwa lazima ukiwa na 60. Mtu anayeacha kazi akiwa na miaka 51 baada ya kuchangia miaka 24 hajapoteza kitu pale, na akiendelea kuchangia kwa mwajiri mpya, anaongeza. Lakini nenda mwenyewe ukachukue taarifa ya michango yako kabla hujaandika barua. Usiridhike na kuona makato kwenye karatasi ya mshahara. Kukatwa ni jambo moja, na kufikishwa kwenye mfuko ni jambo jingine. Mimi nilikuta miezi minane haikufika. Nilihangaika nayo karibu mwaka mzima nikiwa bado ndani, nikiwa na kitambulisho na sauti. Ningeigundua nikiwa nje, ningekuwa mgeni getini.

Na ukiondoka, ondoka kwa utaratibu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, tena kwa maandishi. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara haufi kwa kuwa umehama. Kaa na benki au SACCOS yako mkubaliane kabla, wala msikutane baadaye kwa barua za wadai.

Nirudi kwenye kile nilichosema tumekisahau.

Usiku wa siku ile ya usaili mke wangu aliniona nimekaa kimya uani. Yeye ni mwuza vitenge, hajawahi kuajiriwa. Nilipomsimulia, hakunipa pole. Alikwenda ndani akarudi na daftari la mtoto lililobaki kurasa chache, akakaa kwenye mkeka, akaniuliza, "Lori la mzigo likifika asubuhi, wewe unafanya nini kwanza?"

Nikamwambia, naangalia oda ya ununuzi kama kweli tuliagiza.

Akaandika. "Halafu?"

Nalinganisha hati ya mzigo na oda. Nahesabu vitu kimoja kimoja, sikubali kuhesabiwa na dereva. Nafungua katoni za chini, maana hasara hufichwa chini. Kilichovunjika nakitenga na kukiandikia, dereva anatia sahihi kabla hajaondoka.

"Halafu?"

Naingiza kwenye kadi ya ghala, kisha kwenye leja. Napanga vipya nyuma, vya zamani mbele, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Naangalia kiwango cha chini cha kila kitu, na kabla hakijafika hapo naandika ombi la kuagiza, kwa sababu najua mzigo huchelewa wiki tatu. Mwisho wa Juni nahesabu ghala zima mbele ya mkaguzi.

Aliandika hadi taa ya kibatari ikaanza kufifia, maana umeme ulikuwa umekatika. Kisha akanisomea. Vilikuwa vitenzi 31. Nahesabu, nalinganisha, nakagua, natenga, napanga, nakadiria, nakataa, nakumbusha, nafundisha. Jina la shirika halikutokea hata mara moja. Nilimwomba anisomee tena.

Miezi minne baadaye niliitwa kwenye usaili mwingine, wa ghala la dawa katika hospitali moja. Nilipoulizwa najua kufanya nini, niliwaeleza jinsi ninavyopokea mzigo. Sikutaja cheo mpaka waliponiuliza. Nilianza kazi mwezi uliofuata.

Nisiwafiche ugumu. Mshahara ulikuwa pungufu kuliko ule wa zamani, na tulikaa chini nyumbani tukapunguza mambo. Mkuu wangu mpya alikuwa binti mfamasia mwenye umri wa miaka 29, mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza. Kila asubuhi alinisalimu, "Shikamoo, baba," nami nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Saa tatu alinipa maagizo ya kazi, nami nikaitika, "Sawa, bosi." Mwanzoni koo lilikwama kwenye lile neno la pili. Nikaja kuelewa kwamba salamu ni ya umri na agizo ni la kazi, na kwamba yeye aliweka kila kimoja mahali pake bila kunivunjia heshima. Ilikuwa zamu yangu kufanya vivyo hivyo.

Siku ya tatu nilipanga paracetamol kama nilivyozoea: zilizoingia kwanza mbele, zilizoingia juzi nyuma. Akapita, akachukua boksi moja la nyuma, akanionyesha tarehe. Zilizoingia juzi zilikuwa zinaisha muda wake mapema kuliko zilizokuwepo. "Baba," akasema, "kwenye dawa hatufuati siku ya kuingia. Kinachowahi kuisha muda ndicho kinachowahi kutoka." Miaka 24 ya mazoea ilirekebishwa kwa sentensi moja. Lakini tazameni: kanuni ilibadilika, mkono haukubadilika. Kupanga nilijua, kukagua nilijua, kuandika kadi nilijua. Nilichopungukiwa ni kusoma tarehe. Programu ya kompyuta ilinichukua wiki sita, kijana wa takwimu akinifundisha baada ya saa za kazi, nami nikimfundisha namna ya kumkatalia dereva anayeharakisha. Mwaka ule, kwenye hesabu ya Juni, dawa zilizoisha muda rafuni zilikuwa katoni mbili. Mwaka uliotangulia zilikuwa kumi na tisa. Nikikumbuka dawa hizo zilikuwa za watu gani, huwa nasema Alhamdulillahi kwamba nilihama.

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo watu wa umri wetu huzikimbilia. Ya kwanza ni "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Naiheshimu, lakini naomba tuisikilize yote. Haikusema zimwi halikuli. Imesema halikumalizi. Kuna watu wamebakia kipande tu cha wao wenyewe, wakijifariji kwamba zimwi linawajua. Ya pili ni "Mzoea udalali hawezi kazi ya duka." Hapo nabisha kwa adabu. Dalali anajua bei, anajua watu, anajua nani mkweli. Akijifunza kuandika daftari la mauzo na kukaa mahali pamoja, duka lake lina kila sababu ya kusimama. Hawezi yule tu anayeingia dukani akitaka paendeshwe kama mnadani.

Siwaambii nyote muache kazi kesho. Aliyebakiza miaka miwili kufika 60, mwenye mtoto chuoni na mkopo wa nyumba, huenda busara yake ni kubaki, na kubaki huko si woga. Mwenye maradhi anayetibiwa kwa bima ya kazini apime mara mbili. Wapo wanaoipenda kazi yao na wanapendwa nayo, Mungu awazidishie. Lakini hata anayebaki anahitaji kujua vitenzi vyake. Siku mwajiri akigawanywa, akiuzwa au akifunga milango, hatakuita kwanza ukajiandae.

Nanyi mnaoketi upande wa pili wa meza ya usaili, nina ombi. Mtu wa miaka 50 akija mbele yenu na bahasha yake kifuani, akajibu kwa kutaja cheo, msifunge faili. Mwulizeni kama mke wangu alivyoniuliza: asubuhi ukifika, unafanya nini kwanza? Halafu? Mtashangaa yatakayotoka.

Siku niliyoondoka shirikani nilikabidhi funguo tisa, muhuri, leja nne na kitambulisho. Vyote viliorodheshwa, nikatia sahihi, na mpokeaji akatia yake. Nilitoka getini nikidhani nimekabidhi miaka 24. Orodha ile ninayo mpaka leo, na ukiisoma huoni kitenzi hata kimoja ndani yake.

Sasa chukueni zile karatasi. Mwenyekiti wa mkutano ametupa dakika kumi kabla ya maswali. Usiandike jina la mwajiri, usiandike cheo. Anza na asubuhi ya leo, tangu ulipofungua mlango wa kazini. Aliyekuja na mke, mume au mtoto, ampe huyo kalamu, yeye aseme. Na wewe uliyeshika kalamu, kila akinyamaza, mwulize: halafu?